Mbizi ya 59: safu ya risasi iliyoachwa tupu

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi wa nane, kusi limeshika, tulikuwa wazamiaji watano majini upande wa nje wa mwamba wa Mnemba, kaskazini-mashariki ya Unguja. Dakika ya 31 tukaanza kupanda. Tulipofika mita 5 tukasimama, kama ilivyo desturi, tukae dakika 3 ndipo tutoke; kusimama huko ndiko tunakokuita kituo. Wanne tulikaa. Wa tano hakukaa. Nilimwona amepindua kichwa chini, anapiga mapezi kwa nguvu kurudi alikotoka, na bado anapanda kinyumenyume. Haukupita muda nikawa namtazama nyayo, yeye yuko juu, sisi tuko chini. Geji ya mtungi wake wa hewa ilisoma bar 30; uliojaa husoma bar 200.

Hakuumia. Alikuwa akipumua muda wote, na hilo ndilo lililomsalimisha, maana hewa iliyofungiwa kifuani huweza kuchana mapafu hata kwa kupanda mita moja au mbili. Tulimkalisha kivulini, tukampa maji ya kunywa, mtungi wa oksijeni tukauweka karibu, na siku ile hakurudi tena majini. Usiku nilimpigia simu: viungo haviumi, ganzi hakuna, kala wali wake vizuri. Kwa hiyo daktari hakuhitajika. Kilichohitajika ni daftari lake.

Nitamwita Fundi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoanzia. Alikulia pwani ya Nungwi akimshikia babu yake mbao kwenye kuunda majahazi, na mpaka leo penseli bapa ya useremala haimtoki sikioni. Wakati wa kisa alikuwa mwishoni mwa mafunzo ya kuongoza wazamiaji. Katika mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, unaofuatwa na vituo vingi vya kuzamia Unguja, mtu huingia kwenye mafunzo hayo akiwa na mbizi 40 zilizoandikwa, na hamalizi mpaka zifike 60. Hii ilikuwa ya 59.

Niseme kidogo juu ya hilo neno "zilizoandikwa", kwa sababu kila mwalimu anajua mchezo unaochezwa hapo. Kijana anafanya kazi ya kubeba mitungi miaka miwili, amezama mara nyingi kuliko wageni anaowahudumia, lakini hakuandika hata moja. Anapotaka cheti anakaa barazani usiku mmoja, kalamu moja, anajaza mbizi thelathini. Unazijua kwa macho tu. Zote zimeanza saa 4 kamili, zote dakika 45, zote kina mita 18, wino mmoja, mwandiko haujatetereka popote, wala ukurasa hauna doa la maji. Bahari haiko hivyo. Daftari la Fundi lilikuwa na kurasa zilizovimba kwa chumvi, namba zilizofutwa na kuandikwa upya, na mahali pengine alama ya kidole chenye mafuta ya injini. Kwa uaminifu sikuwa na shaka naye. Shaka yangu ilikuja upande mwingine kabisa.

Tulipokuwa bado kwenye boti kila mtu alishatoa hukumu. Nahodha alisema ni mkondo: "Leo bamvua, siku ya maji makubwa, na pale nje maji yanakwenda." Mwenzangu mmoja alisema kijana kashikwa na hofu, akavuta pumzi kubwa kubwa, akapaa. Fundi mwenyewe alilaumu jaketi la kuelea. "Maalim, mimi nilikuwa sawa. Lile jaketi lilijijaza lenyewe."

La jaketi si jambo la kupuuza. Kitufe cha kuingizia hewa kikiganda kwa chumvi huweza kuachia hewa kidogo kidogo, na mtu akapaa asijue kwa nini. Tukaliunga jaketi kwenye mtungi, tukalitia kwenye tanki la kusuuzia vyombo, tukalikalia macho robo saa nzima. Halikuongeza hata kipovu. Hofu nayo haikuniingia akilini; mtu mwenye hofu hakumbuki kugeuka kichwa chini na kupigania kurudi kwenye kituo chake. Ukabaki mkondo. Lakini mkondo wa pale hupeleka mtu pembeni. Wanne tulikuwa kwenye mkondo ule ule na hakuna aliyenyanyuliwa.

Nikamwambia alete daftari.

Lilikuwa la kuchapwa, la aina ya kawaida, lenye nafasi za tarehe, mahali, kina, muda, hewa ya kuanzia na ya kumalizia, joto la maji, nguo, uzito, na mistari michache ya maelezo. Kurasa zilipokwisha alishona ndani yake karatasi za daftari la shule na kuzichora mwenyewe kwa rula. Ameandika kote kwa ile penseli yake, na hapo ninamsifu: kalamu ya wino ikiguswa na mkono wenye maji inaacha ziwa la buluu, penseli haijali. Na pembeni, juu kulia, aliongeza kitu ambacho sijakiona kwenye daftari lolote la kununua. Tarehe ya mwezi mwandamo. Nilipomuuliza alisema babu yake hakuwa akishusha chombo majini bila kuitaja, na yeye mkono umezoea tu.

Huu ni ukurasa wa mwezi wa tatu, kaskazi inaisha, bahari imetulia kama mafuta:

"Mbizi 31. Mnemba. Saa 3:40 asubuhi. Kina 19, wastani 13. Dakika 48. Hewa 200 mpaka 70. Maji 29. Nguo milimita 3. Risasi 4. Mwezi 8. Kasa wawili, mmoja kalala."

Na huu ndio wa siku ile:

"Mbizi 59. Mnemba, nje. Saa 4:05 asubuhi. Kina 20, wastani 15. Dakika 34. Hewa 200 mpaka 30. Maji 25. Nguo milimita 5, ya kuazima. Risasi. Mwezi 16. Nimetoka kabla ya wenzangu."

Risasi, halafu hakuna kitu. (Wageni wanaojifunza Kiswahili hushtuka wakisikia mzamiaji anaulizwa amebeba risasi ngapi. Ni vile vipande vya madini ya risasi vya mkandani, vya kumshusha mtu chini.) Nikarudi nyuma kurasa. Mbizi 58, tupu. Mbizi 57, tupu. Nikarudi mpaka ya 33. Mbizi 27 mfululizo hazina uzito. "Nilikuwa natumia ule ule, Maalim," akasema. "Nikaona kuandika kila siku nne, nne, nne, ni kupoteza penseli."

Hata yeye mwenyewe hakuwa ametumia ule ule. Mkanda ulikuwa bado umelala pale kwenye kapu na vipande vyake. Tukavihesabu vikawa kilo 5. Mwezi wa sita maji yalipoanza kupoa aliazima nguo nene ya milimita 5, akahisi haimshushi, akaongeza kipande kimoja. Hakupima. Alikisia, na kwenye daftari hakuandika kwamba amekisia.

Hapo ndipo tulipokaa. Nguo ya kuzamia ni mpira uliojaa vipovu vya hewa, na kadiri inavyokuwa nene ndivyo inavyokuelesha. Kutoka milimita 3 kwenda 5, mtu mwenye umbo la Fundi anahitaji kilo 2 hivi za ziada, si moja. Kwa nini basi hakuona tofauti kule chini? Kwa sababu chini nguo inabanwa. Mita 15 shinikizo ni bar 2.5, vipovu vimeminywa, nguo imekuwa nyembamba, mtu anajiona mzito sawasawa. Akipanda mpaka mita 5 shinikizo limeshuka hadi bar 1.5 na nguo imevimba tena. Anapofika pale anapotakiwa kutulia, ndipo nguo inapomdai ile kilo aliyoikopa.

Tatizo la pili ni mtungi. Tunatumia wa alumini, wa lita 11 na kitu. Watu husahau kwamba hewa ina uzito: lita moja ni gramu 1.2 hivi. Mtungi uliojaa bar 200 una lita 2,220, sawa na kilo 2.7 za hewa peke yake. Fundi alipofika bar 30 alikuwa ameshapumua lita 1,887. Hizo ni kilo 2.3 alizoshuka nazo na hakupanda nazo. Mtungi wa alumini ambao asubuhi ulikuwa unazama, mwishoni unataka kuelea wenyewe.

Ukiyaweka pamoja, mtu huyu alifika kwenye kituo akiwa amepungukiwa na kilo moja u nusu au mbili. Hilo halizuiliwi kwa mapezi. Bata mwenyewe halizuii.

Lakini hesabu ya barazani inaweza kukubali chochote unachotaka. Nilitaka kuona kama daftari linakubali. Tukachukua mbizi zote alizovaa nguo nene, kuanzia ya 45 hadi ya 59, ni 15. Kwenye mistari ya maelezo, katikati ya majina ya samaki, nne zilikuwa na maneno ambayo mimi nilishayapita. Mbizi 47: "nimeelea kidogo mwishoni." Mbizi 52: "kituo kimenisumbua." Mbizi 55: "nimeshika kamba ya nanga." Na 59. Nikatazama hewa ya kumalizia: bar 50, bar 45, bar 40, bar 30. Zile nyingine 11 zote alitoka na bar 60 au zaidi, na hakuna hata moja yenye malalamiko. Ni kama ngazi: kadiri mtungi unavyokuwa mwepesi ndivyo maneno yanavyokuwa makali, mpaka siku maneno yakakosa kamba ya kushika.

Fundi alikaa kimya muda, kisha akaweka kidole kwenye ile pembe ya juu kulia. "Tazama miezi."

Mwezi 2. Mwezi 15. Mwezi 30. Mwezi 16.

Zote bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa kima cha mita 4 karibu, na kiasi chote hicho cha maji kinapita kwenye kingo za mwamba kwa haraka. Mwezi 8, kama ule wa mwezi wa tatu, ni maji mafu. Mtu anaelea juu ya matumbawe kama anayezuru maonesho. Nikafanya hesabu ya pumzi. Mbizi 31 alitumia bar 130, sawa na lita 1,443, kwa dakika 48 kwenye wastani wa mita 13, yaani bar 2.3. Gawanya: lita 13 kwa dakika, kwa kipimo cha juu ya maji. Mbizi 59, lita 1,887 kwa dakika 34 kwenye bar 2.5, inakuja lita 22. Mtu yule yule, mapafu yale yale, mahali pale pale. Baridi ya nyuzi 25 ilichangia, nguo ya kuazima iliyombana kifua ilichangia, lakini mkubwa wao ni kupiga mapezi dhidi ya maji ya bamvua.

Kwa hiyo nahodha alikuwa amepatia, ila kwa njia ya kuzunguka. Mkondo haukumnyanyua Fundi. Mkondo ulimchosha, uchovu ukamtia pupa ya pumzi, pupa ikamaliza hewa, hewa ilipokwisha mtungi ukawa mwepesi, na wepesi huo ukakuta mkanda wenye upungufu wa kilo. Ukiondoa kiungo kimoja kati ya hivyo, kisa hakitokei. Ndiyo maana mbizi 11 zilipita salama na sote tukadhani uzito wake uko sawa.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoiandika kwa shida. Chini ya kila ukurasa wa daftari lile kuna nafasi ya sahihi ya aliyemsimamia. Chini ya "nimeelea kidogo mwishoni" kuna sahihi yangu. Chini ya "nimeshika kamba ya nanga" kuna sahihi yangu, na muhuri. Nakumbuka nilivyokuwa nikisaini: boti inatia nanga, wageni wanataka kulipa, Fundi anakuja na kurasa tatu zilizojikusanya, mimi natazama namba ya mbizi na muda, natia jina. Mwanafunzi alikuwa ameniandikia tatizo mara tatu kwa Kiswahili fasaha, na mimi nikaligongea muhuri.

Baada ya hapo mmoja wa vijana wa kituo aliniuliza, na swali lake si baya, kwamba siku hizi kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi inaandika kila kitu, daftari la nini? Fundi alikuwa nayo, ya kituo. Tuliifungua kwenye simu. Ina mchoro mzuri wa mbizi nzima, kina kila baada ya sekunde chache, joto, na pale mwisho mstari unaopaa kutoka mita 5 hadi sifuri. Inakwambia amepaa. Kilo za mkandani haizijui, nguo ya kuazima haijaiona, na siku ya mwezi haina habari nayo. Unaweza kuyaingiza mwenyewe, programu nyingi zina nafasi hizo, lakini aliyeacha safu tupu kwa penseli ataiacha tupu kwa kidole pia. Mimi sina ugomvi na kompyuta. Kina na muda iandike yenyewe, tena kwa usahihi kuliko sisi tuliokuwa tukiandika kwa kubahatisha. Kinachobaki kwa mzamiaji ni kile ambacho chombo hakikihisi.

Na hiyo dhana ya "ule ule" inadanganya wengi, si wanafunzi tu. Rafiki yangu mmoja wa Pemba alikwenda Kigoma kusaidia kazi ya kuhesabu samaki Ziwa Tanganyika, akabeba uzito wake wa baharini kwa kujiamini, akashuka kama nanga. Maji baridi ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia 2.5; kwa mtu ambaye na vyombo vyake vyote anafika kilo 100, hizo ni kilo 2 na nusu za risasi za kuacha ufukweni. Juu ya hayo ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na huko hata hesabu za kina na muda zinabadilika. Alirudi na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri sana. Amenionesha mara nne.

Kesho yake tulikwenda na Fundi kwenye maji ya kina kifupi, pwani, maji yakiwa yanajaa. Tulichukua mtungi uliobakiwa na bar 35 tu, kwa makusudi. Kosa la kawaida ni kupima uzito na mtungi uliojaa, kwa sababu ndio ulio mkononi mtu anapojiandaa. Kipimo hicho kinakwambia utaanzaje, hakikwambii utamalizaje. Akavaa ile nguo nene, akatoa hewa yote kwenye jaketi, akasimama wima majini na pumzi ya kawaida kifuani. Na kilo 5 mabega yalibaki nje. Kilo 6, maji yakafika kidevuni. Kilo 7, maji yakasimama kwenye macho, na alipotoa pumzi akazama polepole, kichwa kikapotea. Alitoka akicheka, maji puani, akaniambia, "Kwa hiyo nilikuwa napigana na kilo mbili." Mwanzo wa mbizi atakuwa mzito kidogo, atatia hewa kwenye jaketi, hilo halina shida.

Likabaki suala la mbizi ya 59 yenyewe. Fundi alitaka kuifuta. Alisema anaona aibu, na isitoshe kituo hakukikamilisha, haifai kuhesabiwa. Mimi nilikataa isifutwe. Alizama, alitoka, aliandika. Kina na muda vinatosha. Mimi na wenzangu wawili hatujakubaliana mpaka leo kama mbizi iliyoharibika iingie kwenye 60 za mtu anayeomba kuongoza wengine. Mwisho Fundi mwenyewe ndiye aliyekata shauri: akaiacha ilivyo, akapiga mbili badala ya moja, akamaliza na 61.

Ya 61 aliipiga mwezi 17, bamvua bado haijaisha, pale pale upande wa nje. Alinikabidhi daftari kwenye boti, na safari hii nilikaa chini kulisoma. Amechora safu mpya kwa rula, nyembamba, kati ya nguo na tarehe ya mwezi. "Risasi 7. Hewa 200 mpaka 50. Kituo dakika 3, mita 5, mikono imekunjwa."

Nikasaini. Jioni nikatoa la kwangu kabatini, nitazame mimi nilikuwa na kilo ngapi siku ile. Mara ya mwisho kuandika uzito ilikuwa 2014.